Tabo inunuliwe kwa namba, si kwa kufanana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Makambako, na nina gari moja aina ya Fuso lenye injini ya 6D16 yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Lilishushwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2009 likiwa mtumba kutoka Japani. Lilikuwa la marehemu mume wangu, na tangu alipofariki mwaka 2017 nalisimamia mwenyewe. Linashuka Dar na viazi vya Uwemba, linapanda na saruji au bidhaa za madukani. Watoto wetu watatu wamesomeshwa na gari hilo, kwa hiyo ninapoandika habari zake siandiki kwa kujifurahisha.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana mmoja jirani yangu. Alikopa kwenye kikoba akanunua Fuso lake la kwanza, la zamani kama langu. Ndani ya miezi miwili amefunga tabo mbili, na juzi ya pili nayo imeanza kumwaga oili. Alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye kigoda bila hata kugusa chai, akaniuliza: “Mama, nichukue tabo ipi sasa, ya Mjapani au ya Mchina?”

Swali hilo niliuliza mimi mwaka 2021, neno kwa neno. Ninayo majibu yake sasa, lakini niliyapata kwa kupoteza fedha, na naona wenzangu wengi wenye gari mojamoja wanapotea njia ileile.

Ilikuwa Septemba. Dereva wangu, Baba Neema, alikuwa anapanda mlima Kitonga na mzigo wa saruji. Alinipigia simu akiwa kwenye kona za juu: “Mama, gari linapiga filimbi na nguvu zimekata.” Alijikongoja hadi Ilula, na alipofika moshi wa bluu ulikuwa umewafunika wauza nyanya wa pale barabarani. Fundi wa pale alifungua hosi ya hewa, akaingiza vidole, akashika ncha ya shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya tabo, akaitikisa. Ikacheza. Akasema tabo imekufa. Mimi nilikuwa kwenye simu, nikauliza bei. Sikuuliza imekufa kwa ugonjwa gani.

Nikamtuma mdogo wangu aliyeko Dar aende Kariakoo. Alikwenda na picha kwenye simu. Muuzaji akaitazama picha, akaingia stoo, akatoka na tabo mpya inayong'aa. “Ni hii hii,” akasema. Tukalipa Sh780,000. Ikapanda basi usiku huo na kesho yake ikafungwa. Bolti ziliingia zote, hosi zikakubali, gari likawaka. Sisi tukadhani tundu zikikubali basi kila kitu kimekubali.

Gari halikuwa lile tena. Baba Neema akikanyaga mafuta, unatoka kwanza moshi mweusi, nguvu zinafuata baadaye kama mtu anayeamshwa usingizini. Kwenye tambarare lilikuwa linakwenda. Mlimani lilikuwa linateseka, na dizeli ya safari ikaongezeka hadi nikaanza kumshuku dereva wangu kwamba anafyonza. Namwomba radhi hapa gazetini kama nilivyomwomba mbele ya mkewe. Wiki ya tatu, karibu na Nyororo, shafti ya tabo ikakatika. Viazi vililala barabarani siku mbili kwenye jua, na bei niliyopata Dar sitaki kuikumbuka.

Pale gereji ushauri ulikuwa mwingi. Wapo waliosema niing'oe tabo kabisa, nizibe kwa bati, “gari litatembea tu.” Kweli litatembea, lakini pampu ya injini yenye tabo imepangwa kumwaga dizeli ya kutosha hewa iliyosukumwa. Ukiondoa hewa ukaacha dizeli vilevile, utabaki na moshi mweusi na joto la kuunguza pistoni na valvu. Namshukuru Mungu sikuwasikiliza.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli ya TAZARA, hapa mtaani tunamwita Babu Reli. Nilimkuta barazani, nikamsalimu, nikamwambia nataka anisaidie kuchagua tabo nzuri. Akanijibu, “Mwanangu, hizo mbili zilizokufa ziko wapi? Zilete.”

Alizipanga juu ya gunia uani kwake, akazifungua moja baada ya nyingine. Ya kwanza, ile iliyokuja na gari, shafti yake ilikuwa imegeuka rangi ya bluu iliyoiva upande wa eksozi, na kuizunguka kulikuwa na masizi magumu kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Ya pili, bushi zake, zile pete zinazoishika shafti, zilikuwa zimelika na kuchanika mistari. Akasema zote mbili zimekufa kwa kiu. Kisha akaenda kwenye injini, akafungua kile kipaipu chembamba kinachopeleka oili kwenye tabo, akakitia mdomoni akapuliza. Hewa haikupita. Akakikata kwa msumeno wa chuma. Ndani oili ilikuwa imeungua na kuganda, pamebaki tundu la sindano ya kushonea, na kwenye mdomo wake kumeng'ang'ania kipande cha silikoni nyekundu alichokiacha fundi aliyefunga tabo ya pili.

Kipaipu kipya kilikuwa Sh35,000. Nilikaa chini pale uani. Nilikuwa nimetupa Sh780,000 na mzigo mzima wa viazi kwa sababu ya kipaipu cha Sh35,000 ambacho hakuna aliyekigusa.

Babu Reli alinieleza kwa subira, na ninaeleza kama nilivyoelewa. Tabo ni magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Moja linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili linavuta hewa kutoka kwenye filta na kuisukuma ndani ya injini. Injini yangu ikiwa na mzigo haivuki mizunguko 3,000 kwa dakika. Shafti ya tabo hufikia mizunguko 100,000 na zaidi. Haina beringi za gololi kama za tairi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya bushi, na oili hiyohiyo ndiyo inayoipoza, maana moshi wa injini inayopanda mlima na mzigo hupita nyuzi 600. Utando ule ukikosekana kwa sekunde chache tu, chuma kinasaga chuma.

Sasa fikiria Kitonga. Gari limepanda likiwa limebanwa, upande wa eksozi umekuwa mwekundu. Linafika Ilula, dereva anazima hapohapo ili utingo akanunue nyanya. Pampu ya oili imesimama, lakini tabo bado ina moto, na oili iliyobaki ndani inapikwa mpaka inakuwa masizi. Safari baada ya safari, mwaka baada ya mwaka, kipaipu kinaziba. Baba Neema alipoulizwa alikiri kwamba ndivyo afanyavyo siku zote. Na mimi ndiye niliyemwagiza asiache gari likiunguruma bure, nikihesabu dizeli. Dakika tatu hadi tano za kuunguruma taratibu kabla ya kuzima zingetosha.

Hiyo ilikuwa habari ya kifo. Habari ya kuchagua ilianza pale alipopangusa masizi kwenye ile tabo ya kwanza kwa kitambaa chenye dizeli. Kumbe ina kibati kidogo chenye namba. Tabo za Mitsubishi namba zake huanza na 49: tarakimu tano, kistari, halafu tarakimu tano nyingine. Akaleta ile iliyotoka Kariakoo tukalinganisha. Mkia wa namba ulikuwa mwingine kabisa. Akaniwekea maganda mawili ya upande wa eksozi mikononi, akaniambia niingize vidole kwenye njia ya moshi. La pili lilikuwa pana zaidi, nilihisi kwa vidole vyangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa ule moshi mweusi. Njia ya moshi ikiwa pana kuliko ilivyotakiwa, moshi unapita kwa uvivu, gurudumu linachelewa kushika kasi, na injini inapewa dizeli kabla hewa haijafika. Ikiwa nyembamba mno, gari litachomoka upesi, lakini injini ikichanganya moshi unakosa pa kutokea, unarudi nyuma, na tabo inazunguka kupita kiwango chake. Kwa hiyo anayekwambia “chukua kubwa, itakupa nguvu zaidi” hajakusaidia. Tabo kubwa bila kubadilisha mengine mengi kwenye injini ya zamani ni mzigo.

Nasi wa nyanda za juu tuna jambo letu zaidi. Ukifika mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na Dar. Tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Kosa ambalo dereva wa Dar kwenda Chalinze hatalihisi, wa Njombe atalihisi kila kilima.

Ni hivi pia kwenye injini zenyewe. Watu husema “tabo ya 6D16” kana kwamba ni moja. Ziko 6D16 zisizo na tabo kabisa, na hata zenye tabo zilitengenezwa kwa nguvu tofauti. Yule kijana jirani yangu alikuwa tayari kununua kwa kutaja jina la injini tu. Nikamwambia aende akapanguse masizi kwanza.

Kuhusu swali lake la Mjapani na Mchina, nitasema ninavyoamini. Tabo mpya yenye jina la kiwanda ni nzuri ukiwa na uwezo na ukiwa na uhakika na muuzaji, kwa sababu kuna mpya zilizobandikwa jina la kampuni kubwa na ndani si yenyewe. Ya Kichina isiyojificha, yenye namba sahihi ya kulingana na yako na muuzaji anayekubali kuirudisha, siichukii. Zipo za hovyo na zipo zinazofanya kazi. Mtumba uliotolewa kwenye gari lililokatwa huwa mzuri, lakini hujui lilikatwa kwa nini. Ukiushika, tazama shafti kama imebadilika rangi, tazama mapanga ya magurudumu kama yamemenyeka au kupinda, tazama ganda la eksozi kama lina ufa, na tazama tundu la kuingizia oili kama ni safi.

Na kutikisa shafti, jambo ambalo fundi wa Ilula alilifanya, lina utaratibu wake. Tabo ikiwa kavu, shafti kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa kuwa ile nafasi ndiyo hujazwa na oili injini inapowaka. Kinachotakiwa kisisikike mkononi ni kwenda mbele na nyuma. Na panga likigusa ganda ukiibonyeza, hiyo imekwisha. Nina hakika tabo nyingi nzima zimeishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa sababu tu zilicheza.

Sisi hatukununua tabo nzima. Babu Reli alikagua maganda ya ile ya kwanza, yaliyokuja na gari kutoka Japani, akayapitishia ukucha ndani yote. Hayakuwa yamechubuka wala kupasuka. Akasema maganda haya ndiyo yanayoijua injini hii, tusiyatupe. Tununue moyo wake tu, yaani ile sehemu ya katikati yenye shafti, bushi na magurudumu yote mawili, ikiwa imeshapimwa usawa kwa mashine. Hapo alikuwa mkali: asije mtu akaninunulia bushi na ringi akazifunga kwa nyundo hapa mtaani. Kitu kinachozunguka mara 100,000 kwa dakika, uzito ukizidi upande mmoja hata kidogo sana, kitajitikisa mpaka kijivunje. Tulinunua moyo kwa namba, Sh520,000, ukaja na karatasi ya kipimo.

Kabla ya kuufunga alinifanyia kazi ya siku nzima, na mimi nilishika taa. Intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, ilishushwa ikaoshwa, na humo ikatoka oili zaidi ya nusu lita. Oili hiyo ikinyonywa, injini ya dizeli inaweza kujiwakia yenyewe na kuchanganya bila kuzimika. Filta ya hewa mpya, oili mpya, filta ya oili mpya, kipaipu cha kupeleka kipya, na gasketi ya karatasi bila tone la silikoni. Akamimina oili safi kwenye tundu la tabo, akaizungusha kwa kidole. Akavuta stopa ya kukata dizeli, akapiga starta mara kadhaa bila injini kuwaka, hadi taa ya oili ikazima. Ndipo akaiacha iwake, na hakuruhusu mtu kugusa mafuta mpaka dakika kadhaa zipite. Ilikuwa Novemba 2021. Moyo ule uko kwenye gari hadi leo.

Narudi kwa kijana wangu. Nilimchukua hadi kwa Babu Reli, na yule mzee, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akaomba apelekwe lilipo gari. Akakagua paipu ya kurudisha oili. Paipu hii ni nene, na oili hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka yenyewe, haisukumwi na kitu. Fundi aliyemfungia alikuwa ametoa ile ya chuma akaweka hosi ya mpira, na hosi ikajikunja katikati ikapanda juu kidogo kabla ya kushuka. Oili ilikuwa inafika kwenye tabo vizuri, inakosa pa kushukia, inatafuta njia kupitia kwenye magurudumu. Juu ya hayo injini yake inapumua: ukifungua kifuniko cha oili, moshi unatoka kwa nguvu, ishara kwamba ringi za pistoni zimechoka na presha inayojaa ndani ya injini kule chini inaizuia oili isirudi. Tabo yake ya kwanza ilikuwa ameshaiuza kwa kilo. Ya pili, Babu Reli aliiangalia kila upande, akamrudishia: “Hii ni nzima, mwanangu.” Yule kijana aligeuka akatazama pembeni muda mrefu.

Ndiyo maana naandika, Ndugu Mhariri. Nina maombi, na la kwanza ni kwa wenye maduka ya spea. Andikeni namba ya tabo kwenye risiti. Risiti yangu ya 2021 ilisomeka “spea” na kiasi cha fedha, basi. Nilipomrudisha mdogo wangu dukani aseme tumepewa isiyo yetu, hakuwa na kitu cha kuonyesha, na akaambiwa injini yetu ndiyo mbovu. Namba kwenye risiti inamlinda mnunuzi, na muuzaji mwaminifu inamlinda pia dhidi ya fundi aliyeziba tundu la oili kwa silikoni. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango wakiona jambo hili linafaa kuwa sharti kwa spea za bei kubwa, sisi wenye gari mojamoja tutawashukuru sana.

La pili ni kwa walimu wa ufundi magari katika vyuo vya VETA. Wafundisheni vijana wetu kuifungua tabo iliyokufa na kuisoma imekufaje kabla ya kufundishwa kufunga mpya. Mafundi wa barabarani wana mikono mizuri na wanafanya kazi usiku, kwenye baridi, chini ya gari lenye mzigo, ninawaheshimu. Lakini wengi hawakupata mtu wa kuwaonyesha jambo hili.

Na gazeti lako, ambalo hutupatia habari za magari madogo mapya, lingetenga hata safu moja kwa mwezi kwa ajili ya malori ya zamani. Ndiyo yanayowaletea watu wa mjini viazi.

Baba Neema bado ananiendeshea. Pale Ilula sasa utingo anashuka kununua nyanya gari likiunguruma, na akirudi ndipo linazimwa. Namba ya tabo nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva, chini ya jina la marehemu mume wangu, na nyingine kwenye daftari la mahesabu nyumbani. Kijana jirani yangu anaanza kufungua injini Jumatatu kubadilisha ringi, na nimemwazima Sh200,000 alizopungukiwa.

Mama Upendo,
Makambako, Njombe